Majina Kumi na Manne

Mwandiko ulikuwa wake.

Hapo ndipo tulipomwacha Nukta wiki jana, asubuhi ya Ijumaa, amesimama katikati ya karakana ya kushona sare za shule, karatasi mkononi, cherehani zote zimenyamaza. Kama gazeti lile lilikupita, mambo yako hivi. Nukta ni msahihishaji wa gazeti moja linalotoka kila Jumamosi. Miaka kumi na tisa amesoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna nukta inayompita. Wanawake kumi na wanne wa karakana hii walimweleza mwandishi wa gazeti lake kwamba wanaume fulani walipita hapo na daftari, wakaandika namba za kadi zao za kupigia kura, wakasema, "Jumanne tutajua nani kampa nani." Wakaahidiwa kwamba majina yao hayatatoka. Habari yenyewe nayo haikutoka. Mhariri aliiondoa ukurasani wiki mbili mfululizo.

Kilichotoka ni majina. Jana jioni yalibandikwa kwenye mlango wa karakana, yote kumi na manne, kwa fotokopi ya karatasi ambayo Nukta aliiandika kwa mkono wake.

"Soma la saba," akasema mkuu wa karakana, mwanamke mrefu ambaye kila mtu humwita Mama Mkasi.

Nukta hakuhitaji kulisoma. Jina la saba alikuwa amelikosea, akachomeka herufi "h" juu yake kwa kialama kidogo kama paa la nyumba.

"Ulikuja hapa kuniuliza linaandikwaje," Mama Mkasi akaendelea. "Ukaichomeka hiyo herufi mbele ya macho yangu. Sasa niambie, mwandiko huu ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

Mshonaji mmoja akainuka taratibu, akaenda akafunga mlango.

"Mama Mkasi, mimi sikubandika kitu mlangoni kwenu."

"Sijakuuliza nani kabandika. Nakuuliza ilitokaje kwako." Akanyoosha kidole. "Unaiona cherehani ile ya dirishani? Mwenyewe ametuma ujumbe alfajiri. Amekwenda kwa kaka yake, harudi mpaka uchaguzi upite. Kura hapigi. Kwa hiyo moja wameshaipata, na Jumanne bado."

Msichana aliyekaa nyuma, mdogo kuliko wote, akasema bila kuinua uso, "Kabla ya kubandika walisimama pale, wakatusoma jina baada ya jina kama mahudhurio ya darasani. Ukiitwa unaitika. Mimi niliitika."

Alivyolisema neno hilo la mwisho, Nukta alitamani sakafu immeze.

"Nipeni mpaka saa nane," akasema. "Nikirudi bila jibu, nendeni polisi mkanishtaki mimi."

"Polisi." Mama Mkasi akacheka kwa pua. "Mmoja wao alikuwa na viatu vya polisi. Saa nane, sawa. Ikizidi hapo tutakufuata ofisini kwenu, na tutakuja na mikasi."

* * *

Njiani Nukta alipiga hesabu. Karatasi halisi ilikuwa kwenye jalada jekundu, jalada lilikuwa kwenye kabati la chuma, na kabati lilikuwa katika ofisi ya Mhariri. Funguo za kabati hilo ni mbili tu. Mmoja anao yeye. Wa pili anao Mhariri.

Alimkuta ameinamia ukurasa wa kwanza. Mgombea mkubwa alikuwa anatabasamu upana wa safu sita. Mpinzani wake alikuwa ukurasa wa tisa, chini kabisa, kwenye kipicha alichopigwa akipiga miayo.

"Bosi, hatukuwa na picha nyingine ya huyu?"

"Hiyo ni picha ya kweli. Alipiga miayo."

"Alihutubia saa mbili nzima."

"Na katika saa mbili hizo akapiga miayo mara moja. Sisi tumeripoti."

Nukta akaiweka ile fotokopi juu ya tabasamu la mgombea. Mhariri akaitazama mara moja tu. Akakimbilia kabati, akafungua, akavuta jalada jekundu. Karatasi halisi ilikuwamo, imelala pale pale ilipowekwa.

"Nani mwingine ana ufunguo?" akauliza.

"Mimi na wewe."

Wakatazamana. Watu hawa wawili wamekunywa chai pamoja miaka kumi na tisa, na asubuhi hiyo kila mmoja alikuwa anampima mwenzake kama mgeni aliyebisha hodi akiwa na mzigo usioeleweka.

"Wiki mbili umeitoa habari ya wanawake wale," Nukta akasema. "Nani alikwambia uitoe?"

"Nilipigiwa simu."

"Na nani?"

"Simu za namna ile mtu hajitaji. Anakuuliza tu watoto wanaendeleaje na masomo. Halafu anakutajia shule, anakutajia na darasa." Akakaa. "Kisha anasema anatumaini gazeti letu halitaleta uchochezi."

"Ukampa majina ili akuache."

"Nukta, mimi ni mwoga, hilo silikatai. Lakini sijafika huko." Akaichukua fotokopi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Halafu tumia akili. Hii imetolewa wapi? Mashine yetu imekufa tangu mwezi uliopita, iko pale kwenye korido imewekewa chungu cha maua. Na hata ilipokuwa hai haikuchora hivi. Ona."

Nukta akaona. Upande wa kushoto wa karatasi, toka juu hadi chini, palipita mstari mweusi mwembamba kama uzi, umepinda kidogo katikati.

"Mashine iliyotoa hii, kioo chake kina mkwaruzo," Mhariri akasema. "Tafuta mashine, utampata mtu."

Nukta akaufuata mstari kwa kidole, toka juu hadi chini. Mstari ule anaujua. Kila muhula huuona kwenye karatasi za mitihani ambazo mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, humletea nyumbani amsaidie kutazama makosa. Na wiki mbili zilizopita, kazi ilipomzidia, yeye mwenyewe alilibeba jalada jekundu mwisho wa juma akaenda nalo nyumbani.

"Vipi, umeijua?" Mhariri akauliza.

"Hapana," Nukta akasema.

* * *

Shule ilikuwa imefungwa kupisha uchaguzi. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na kwenye milango ya madarasa zilibandikwa namba za vituo. Mumewe, Mwalimu kama mtaa mzima unavyomwita, alikuwa ameteuliwa kusimamia kituo namba nne.

Nukta alisukuma mlango wa ofisi bila kugonga. Mwalimu alikuwa anaandika. Akazikusanya karatasi haraka, akazitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Tabasamu lilikuja baadaye.

"Mke wangu. Leo si siku ya kufunga kurasa za gazeti?"

 Nukta alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya fotokopi iliyokuwa pembeni, akabonyeza kitufe bila kuweka kitu juu yake. Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi tupu. Si tupu kabisa. Kushoto kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi, umepinda katikati.

Akaiweka mezani ubavuni mwa ile yenye majina.

Mwalimu akavua miwani. Ana tabia ya kuivua anapotaka kusema jambo ambalo hapendi kuliona.

"Nilidhani nasaidia," akasema.

"Sema yote."

"Alikuja mtu hapa. Mwangalizi wa uchaguzi. Alivaa fulana ya waangalizi, kitambulisho shingoni, maneno yake mazuri. Akasema wamesikia kuna wanawake wametishwa, wanataka kuwapa ulinzi, lakini gazeti limekataa kuwataja. Nikajua majina yako wapi."

"Ukafungua jalada langu."

"Lilikuwa mezani."

"Lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa kabatini chini ya mashuka."

 Nje, mtu alikuwa anaburuta dawati sakafuni.

"Ungekataa," Mwalimu akasema.

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

"Huyo mwangalizi anaitwa nani?"

"Sikumbuki."

Nukta akamtazama vizuri. Mtu huyu anakumbuka majina ya wanafunzi aliowafundisha miaka ishirini iliyopita, na majina ya baba zao, na nani alikuwa anakaa dirishani. Leo amesahau jina la mgeni wa wiki mbili.

"Na kwenye droo kuna nini?"

"Karatasi za tume. Ni siri ya kazi, hata mke haruhusiwi."

"Siri yangu ya kazi mimi uliipiga fotokopi."

 Mwalimu akavaa miwani yake, akaivua tena. Nukta akakunja karatasi zote mbili akazitia mkobani. Alipofika mlangoni akasikia anaulizwa, kwa sauti ya chini sana, "Utarudi nyumbani leo?"

"Sijui bado," akasema.

* * *

Nukta alirudi karakana. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

"Imetoka nyumbani kwangu," Nukta akawaambia, bado amesimama. "Mume wangu aliichukua mimi sijui. Anasema alidanganywa na mtu aliyevaa fulana ya waangalizi. Kama kweli alidanganywa, mimi sina uhakika. Lakini mkoba ulikuwa wangu na mwandiko ni wangu, na mimi ndiye niliyetoa karatasi ile ofisini."

  Mama Mkasi alikuwa amekaa na sketi ya mtoto mapajani. Akakata uzi kwa meno, akaiweka pembeni.

"Nikuulize kitu. Ile ahadi yenu ya kutuficha majina, mlitaka nani asiyajue?"

"Hao waliowatisha."

"Hao wanayo. Wametusoma mahudhurio, si umesikia? Sasa asiyetujua ni nani? Ni majirani zetu. Ni mashemeji zetu. Ni walimu wa watoto wetu, na wateja tunaowapima viuno kila Januari." Akawageukia wenzake. "Jumatano tukipatwa na jambo, wote hao watasema hawakuwa na habari. Mimi nataka wawe na habari. Andika jina langu gazetini, na uliandike vizuri."

"Mhariri hatakubali."

"Mimi sijamuuliza mhariri."

Wanawake wawili walikataa. Mmoja alisema mumewe ni mtumishi wa serikali na nyumba wanayokaa si yao. Wa pili alisema tu, "Mimi naogopa jamani," na Mama Mkasi akamshika bega, akamwambia aende nyumbani mapema, kazi yake itamaliziwa. Wakabaki kumi na mmoja.

Nukta akatoa karatasi mpya. Wakamjia mmoja mmoja mezani, na kila mmoja akataja jina lake herufi kwa herufi.

"Langu lina 'h' mbili, usinipunguzie hata moja."

"Mimi weka na la baba. Huyo alikuwa hamwogopi mtu."

Yule msichana wa nyuma alikuja mwisho. "Weka na umri wangu," akasema. "Mtaani kwetu tuko wawili wenye jina hili, na mwenzangu hajafanya kitu."

* * *

Saa tisa na robo Nukta alikuwa mezani kwake. Kurasa hufungwa saa kumi, ili magari yaondoke na mwanga. Mhariri hakuwapo, watu wa kampeni walikuwa wamemwita.

Sheria ya gazeti ilikuwa moja: ukurasa usio na sahihi ya Nukta haupandi mtamboni. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuigeuza sheria ile akaitazama upande wa pili. Ukurasa wenye sahihi yake unapanda, hata uwe umebeba nini.

Akafungua ukurasa wa tatu. Picha nne za mkutano wa mgombea mkubwa, zote zinafanana, katika moja hata mgombea mwenyewe ameonekana kuchoka. Akazifuta. Mahali pake akaweka habari ya karakana kama mwandishi alivyoiandika tangu mwanzo: daftari na namba za kadi; mwishoni akaongeza mahudhurio ya mlangoni. Chini yake akapanga majina kumi na moja, kwa herufi nzito.

 Hata pale, alipoona mkato umewekwa pasipostahili, aliuondoa. Kisha akatia sahihi, akaushusha ukurasa mwenyewe kwenye mtambo uliokuwa uani.

Fundi Mitambo aliusoma wote, midomo ikimchezacheza. Ni mtu mzito wa maneno, mikono yake haijawahi kutakata wino.

"Mhariri ameuona huu?"

"Sahihi yangu unaiona?"

"Naiona."

"Basi."

 Fundi Mitambo akautengenezea pleti, bati la kuchapia, akaifunga mtamboni, akabonyeza kitufe chekundu, na uani kote kukatetemeka.

Nakala za kwanza zilitoka za moto, wino bado unashika vidole. Nukta akafungua ukurasa wa tatu, akapitisha macho kwenye majina yote kumi na moja. Hakuna lililokosewa. Saa kumi na moja kasorobo gari la kwanza la kusambaza lilitoka getini, la pili likafuata. Hapo ndipo alipokaa kwenye kibao kilichokuwa karibu na robota za karatasi. 

"Nukta," Fundi Mitambo akasema, anajifuta mikono. "Maadamu uko hapa, nitazamie kitu. Kuna ukurasa nililetewa Jumatano, nikaambiwa huu hausahihishwi na mtu, niutengenezee pleti tu niuweke. Sasa kuna neno kichwani limenikera siku mbili. Mimi si mtu wa herufi, lakini lile si neno."

Akavuta karatasi kubwa chini ya meza, akamtandikia magotini.

TOLEO MAALUMU, liliandikwa juu, na tarehe ilikuwa ya Alhamisi ijayo. Chini yake, kwa herufi za urefu wa kiganja: USHIDI WA KISHINDO.

"Limekosa 'n'," Nukta akasema, kwa mazoea tu. Halafu macho yakashuka.

Palikuwa na jedwali. Vituo vyote vya mji, kimoja kimoja, na kura za kila mgombea, mpaka zilizoharibika. Akatafuta shule ya mumewe. Kituo namba nne: mgombea mkubwa mia nne na kumi na mbili, mpinzani thelathini na moja, zilizoharibika sita. Pembeni ya jedwali palikuwa na maneno machache ndani ya alama za kunukuu.

"Watu walipiga kura kwa amani, na hakuna hata mmoja aliyetishwa," alisema msimamizi wa kituo hicho. Likafuata jina la Mwalimu, kamili, limeandikwa bila kosa.

Leo ni Ijumaa. Kura zinapigwa Jumanne.

"Nani kakuletea hii?" Nukta akauliza.

"Dereva wa kampeni. Ila usiwe na wasiwasi na hayo maneno ya shemeji, si ya kubuni. Alikuja mwenyewe jana kuyapitia. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akausoma ukurasa mara mbili, akatia sahihi."

"Aliusoma wote?"

"Wote. Hata hilo neno la kichwani nilimwonyesha." Fundi Mitambo akakuna shingo. "Nikamwambia mwalimu, hapa pamekosewa, nikuitie mkeo ashuke? Akasema niliache hivyo hivyo. Akasema mtu wa kuliona yupo."

Nukta akabaki ameukodolea macho ukurasa. Mwalimu wa miaka thelathini kazini ameonyeshwa kosa lenye herufi kubwa kuliko zote, akaliacha. Ama hakujali tena. Ama alijua litamkera Fundi, na alijua Fundi atamwita nani.

Mlango wa juu ukafunguliwa kwa kishindo. Sauti mbili za wanaume zikaanza kushuka ngazi za chuma kuja uani. Moja ilikuwa ya Mhariri, inauliza nani ameruhusu magari yatoke.

Ya pili, iliyokuwa inamjibu kwa utulivu, ilikuwa ya mumewe.